Vidole Viwili vya Pumzi

Nyumba nzima ilimwita Meneja, ingawa hajawahi kusimamia kitu chochote chenye uhai. Jina hilo alipewa na shangazi yake siku barua ya chuo cha biashara ilipofika, na shangazi hakulitoa kwa heshima. Alilitoa kama mtu anavyompa paka jina la simba. Lakini baba mtu, fundi cherehani, alilidaka hewani, akalikubali, na tangu siku hiyo hata ugomvi wa ndoo za maji ukawa unaanza na "Meneja, hebu njoo hapa."

Miaka mitatu Meneja akasomea biashara. Alijifunza kuchora duara tatu zinazopandana na kuandika katikati neno "mteja". Mteja mwenyewe hakuwa akimwona. Wateja walikuwa chumba cha mbele, kwenye cherehani mbili za wazazi wake, na huko alipigwa marufuku tangu darasa la kwanza. "Sindano tuachie sisi," Fundi alikuwa akimwambia. "Wewe shika kalamu." Kwa hiyo akakulia katika nyumba ya fundi bila kujua kupachika hata kifungo, na wazazi wakalisimulia jambo hilo kwa majirani kwa fahari, kama wanavyosimuliwa watoto walionusurika ajali.

Mwaka wa mwisho ukaja na mafunzo kwa vitendo. Wenzake walikimbilia benki na bima. Yeye alitaka teknolojia, kwa sababu mhadhiri mmoja aliwaambia kwamba miaka kumi ijayo kazi zote zitakuwa za kompyuta, na watakaochelewa watabaki kushangaa. Mhadhiri huyo alitoa unabii huo huku mwanafunzi akimwashia projekta.

Kampuni iliyompokea ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la mabomba na vyoo. Ilikuwa na viti vya magunia ambavyo ukikaa huinuki bila kusaidiwa, na ukutani maandishi makubwa: HAPA HAKUNA BOSI. Chini ya maandishi hayo palitundikwa picha ya bosi. Alikuwa na miaka thelathini na moja, viatu vya michezo vyeupe kuliko dhamiri yake, na kila mtu alimwita Mkurugenzi, maana kumwita jina alisema ni ruhusa na hakuna aliyethubutu.

Bidhaa yao ilikuwa moja: programu ya mafundi cherehani. Inamhifadhi mteja na vipimo vyake, inachora jinsi ya kukata kitambaa, na inapunguza upotevu. Mafundi watatu walikuwa wameshaijaribu na wote watatu wakaifuta kwenye simu zao, wawili kwa hasira.

"Tatizo ni mafundi," alisema Mkurugenzi. "Hawajawa tayari kwa kesho." Kisha akawageukia wanafunzi wake wawili wa mafunzo. "Kila mmoja atafute karakana. Wiki mbili, programu peke yake, marufuku mbinu za kizamani. Ijumaa ile mwekezaji anakuja. Atakayeleta matokeo mazuri namwajiri. Nafasi ni moja."

Mwanafunzi wa pili alijulikana kwa tai yake, na kwa kuwa hakuivua hata alipokuwa akila, wakamwita Tai. Tai aliinua mkono. "Mjomba wangu ana kiwanda cha nguo."

Meneja naye akainua mkono. Chuoni, alipoulizwa kazi ya baba yake, alikuwa akijibu kwamba "mzee yuko kwenye mambo ya mavazi", na watu wakadhani maduka. Leo akasema kwa sauti kamili, "Baba yangu ni fundi cherehani. Chumba cha mbele, nyumbani."

"Safi sana!" alisema Mkurugenzi. "Mwananchi wa chini kabisa. Mwekezaji anawapenda hao."

*

Fundi hakuwa na daftari. Alikuwa na ukuta. Kwenye ukuta misumari, na kwenye misumari kanda za kitambaa, mia moja sitini na tatu, kila mteja na ukanda wake. Mteja akija kwa mara ya kwanza, Fundi humpima kwa futi, kisha anakata ukanda na kuutia alama za mkasi mbele ya macho yake: hapa bega, hapa kiuno, hapa urefu wa mkono. Jina huandikwa kwa wino kichwani. Mteja akirudi baada ya miaka miwili, hapimwi upya labda awe amenenepa vya kutisha. Vilevile kila ukanda ulikuwa na vifundo vya nyuzi mwishoni, vyekundu, vyeusi, vyeupe, ambavyo Meneja, kwa miaka yote ya kupita pale akielekea shuleni, alidhani ni vya kuzuia kitambaa kisichanike.

"Unataka kanda zangu zote," alisema Fundi.

"Siku mbili tu, baba. Mashine inazisoma, halafu narudisha. Baada ya hapo unabonyeza jina, vipimo hivi hapa."

"Na mimi nitakuwa nafanya nini?"

"Utakuwa unakua."

"Kwa miaka hamsini na tisa?"

"Kibiashara, baba."

Mama yake alikuwa kwenye kigoda chake pembeni, akipiga pindo la suruali, uzi mdomoni. Huyo hakuwa na jina la kazi. Wateja walimwita "mama" tu; yeye ndiye aliyepiga pindo, akatia vifungo, akakaa pale pembeni tangu asubuhi wakati watu wakipimwa. Akatoa uzi mdomoni.

"Mwanangu, hizo kanda zina mambo yake."

"Najua, mama. Tutaongea baadaye, wananisubiri ofisini."

Mama akarudisha uzi mdomoni.

Fundi alizitazama kanda zikiingia kwenye boksi la viatu, akamtazama binti yake, akaona kile ambacho baba anakiona: ajira. "Chukua," akasema. "Kama hii ndiyo nauli ya wewe kufika, chukua."

*

Ofisini kulikuwa na kijana wa kuandika programu ambaye hakuvua kofia yake ya sufu hata joto likipanda, kwa hiyo akaitwa Kofia. Kofia aliweka ukanda wa kwanza kwenye skana, akabonyeza, akatikisa kichwa.

"Haulali. Hizi nundu za nyuzi zinainua kifuniko. Zitoe."

"Zote?"

"Skana haina huruma, dada."

Basi Meneja akakaa sakafuni, maana kwenye kiti cha gunia hakuna kazi inayofanyika, akaanza kufungua vifundo. Vilikuwa vimekazwa na mtu anayejua kukaza. Alitumia pini, pini ikapinda. Alitumia kucha, kucha zikaisha. Mwisho akatumia meno. Siku nzima na nusu, kanda mia moja sitini na tatu.

Tai akapita na kikombe chake. "Kumbe ndiyo teknolojia yenyewe? Meno?"

"Na wewe kiwanda cha mjomba vipi?"

"Kinaendelea vizuri," alisema Tai, ambaye tangu Jumatatu hakuwa ametoka ofisini.

Nyuzi zote, nyekundu, nyeusi na nyeupe, zilikusanywa kwenye kikapu cha takataka. Jioni mfagizi akazichukua.

*

Wiki hiyohiyo tawi la benki lililo karibu na soko likaleta kazi ya sare. Kila miaka miwili Fundi aliwashonea: wafanyakazi kumi na wanane, koti na suruali au koti na sketi, kitambaa cha bluu kinacholetwa na benki yenyewe kimepimwa hadi mita ya mwisho. Hiyo ndiyo kazi iliyowalipia karo. Sasa tawi linahamia jengo jipya, wakubwa wanakuja kulifungua Ijumaa ya wiki ijayo, na sare zinatakiwa ziwe mwilini saa tatu asubuhi.

Fundi akavaa miwani, akabonyeza tableti kwa kidole kimoja, polepole, kama mtu anayemwamsha mgeni.

"Mkuu wa tawi kiuno thelathini na nane," akasoma. Akavua miwani. "Mashine yako imesoma kila kitu?"

"Kila kitu, baba."

"Na vya mama yako imesoma?"

Meneja hakuelewa vya mama yake ni vipi. Lakini alishasoma miaka mitatu, na mtu aliyesoma miaka mitatu haulizi swali mbele ya mzazi asiyesoma. "Imesoma vyote," akasema.

Fundi akamgeukia mkewe. Mkewe akainua mabega: kama mashine imesoma, imesoma.

"Na hapa kwenye mshono, ile ziada ya kupindia ndani mbona hakuna?"

"Programu inaita hiyo upotevu. Ukikata inavyochora, unaokoa karibu mita nne."

Mkasi ulisita. Miaka thelathini na mitano mkono ule haujawahi kukata kitambaa bila kukiachia pa kuponea. Lakini Mkurugenzi alitaka matokeo, na matokeo yalikuwa binti yake. Akakata inavyochora. Meneja akapiga picha kile kipande kilichobaki, akakituma ofisini, na Mkurugenzi akajibu kwa vikatuni vitano vya kupiga makofi.

*

Jumatano watu wa benki wakaja kujaribu.

Mkuu wa tawi ndiye aliyeanza, kama ilivyo kawaida ya wakuu. Alivaa koti, akatabasamu kwenye kioo, akafunga kifungo cha kati. Kisha akajisahau akapumua. Kifungo kiliruka kikagonga kioo, kikagonga pasi, kikaingia chini ya cherehani, na hakikuonekana tena hadi leo.

"Fundi," alisema kwa upole wa mtu anayehesabu, "umenishonea mimi au umemshonea mwanangu?"

Keshia wa kwanza sketi ilimfika mapajani ikagoma. Keshia wa pili iliingia, lakini kuketi ikawa haiwezekani, na keshia asiyeketi ni mlinzi. Afisa wa mikopo, bwana mmoja mnyoofu aliyewanyima watu wengi mikopo kwa sababu ya karatasi zisizo sawa, alisimama na koti ambalo upande wa kushoto lilikuwa limemning'inia kama limechoka. Chumba cha mbele kikajaa watu wazima waliokwama katika nguo.

"Mimi sijanenepa!" alifoka keshia wa pili.

"Nani kasema umenenepa, dada?" alisema Fundi.

"Hii zipu ndiyo inasema!"

Mkuu wa tawi alitoka na shati lake la zamani. Mlangoni akageuka. "Ijumaa saa tatu. Vinginevyo kitambaa mtakilipa, na tenda itakwenda kwa yule wa mjini mwenye mashine za umeme. Nilikuwa nakutetea, Fundi. Walisema umezeeka, mimi nikabisha."

Wakaondoka wote. Fundi alikuwa akiokota pini sakafuni moja moja, na hiyo ilimuuma Meneja kuliko kama angepigwa, maana zilikuwepo pini mbili tu na aliendelea kuokota.

"Nipe kanda," alisema mama.

Meneja akaleta boksi. Mama akachukua ukanda wa mkuu wa tawi, akaupitisha kati ya vidole hadi mwisho. Akaurudia. Akachukua wa pili, wa tatu.

"Vifundo viko wapi?"

"Nilivifungua, mama. Skana ilikuwa haifungi."

"Ulivifungua." Mama aliketi. "Ulifunguaje? Mimi huwa nakaza."

"Kwa meno."

Fundi akaacha kuokota. "Meneja. Mtu akija kupimwa, anafanya nini?"

"Anasimama."

"Anasimama akibana tumbo. Wote. Mkuu wa tawi anabana hadi anakuwa mwekundu. Mimi nakata alama palepale alipobania, mbele yake, maana mteja haambiwi habari za tumbo lake. Mteja anaambiwa amependeza. Akishatoka, mama yako, aliyekuwa anamwangalia kuanzia mlangoni, anafunga uzi. Chekundu kimoja, mwongezee vidole viwili vya pumzi. Vyekundu viwili, vidole vinne. Cheusi, bega la kushoto limeshuka. Cheupe, atarudi kuchukua nguo akiwa mnene kuliko leo."

"Anajuaje atarudi mnene?"

"Wengine wana mimba hawajaambiana," alisema mama. "Wengine wamepandishwa cheo."

Meneja akaona kichwani zile duara tatu, na katikati yake lile neno, na kwa mara ya kwanza likawa na tumbo. "Kwa nini hamkuniambia?" akauliza, na kabla hajamaliza akajibiwa na kigoda, na uzi, na ile *tutaongea baadaye*.

"Na mimi nilikudanganya, baba," akasema. "Uliponiuliza kama imesoma vya mama, sikujua ni nini. Niliona aibu kuuliza."

"Aibu ya kumuuliza nani? Sisi?" Fundi alicheka kicheko kisicho na meno. "Haya. Mama Meneja, kitabu kimechomwa. Kichwa kipo?"

Mama akafumba macho. "Mkuu wa tawi, vyekundu viwili. Afisa wa mikopo, cheusi, na ukali wake wote ule bega halimtii. Keshia wa kwanza, chekundu. Wa pili, chekundu, na leo namwongezea cheupe cha miezi minne, asituchoshe." Akawataja wote kumi na wanane bila kufungua macho, na Meneja akaandika.

Kitambaa cha kuongezea kikapatikana kwa mkosaji mwenyewe: zile mita nne kasoro zilizookolewa. Fundi alizikata vipande virefu vyembamba vya kuingiza ubavuni, kuanzia kwapani hadi pindoni. Lakini kwanza nguo zifumuliwe, na wa kufumua hakuwepo ila mmoja.

"Sogea," Fundi akamwambia binti yake, akampa wembe wa kufumulia. Marufuku ya miaka kumi na mitano ikafa bila sherehe. "Taratibu. Usikate kitambaa. Lo! Una mkono, wewe."

"Ana meno," alisema mama.

Alhamisi mchana kutwa walishona. Ijumaa saa mbili na nusu sare zikapelekwa, na saa tatu tawi likafunguliwa na watu kumi na wanane wanaopumua. Mkubwa mmoja kutoka makao makuu akaisifia ile michirizi ya ubavuni, akauliza ni mtindo wa nani. Mkuu wa tawi akajibu kwamba ni wazo lake.

*

Ijumaa hiyohiyo saa nane, mwekezaji alikuwa amekwama katika kiti cha gunia. Alikuwa mama mmoja mfupi wa miwani minene, na alikuwa ameshakubali moyoni kwamba hatainuka mpaka kikao kiishe.

Tai alianza. Slaidi kumi na moja. Kiwanda cha mjomba kimeongeza mapato maradufu, mafundi wanalia kwa furaha. Picha zilikuwa nzuri, na katika mojawapo ilionekana, kwa mbali, alama ya duka la picha za kuuza.

Kisha Meneja akaingia, na nyuma yake mama yake, amevaa viatu vya kutokea. Mkurugenzi alimvuta kando.

"Huyu ni nani?"

"Mama yangu. Ndiye mfumo."

"Slaidi yako nimeshakuandalia. Unasema kitambaa kilichookolewa, asilimia tisa, unashukuru, unakaa. Nafasi ni yako, usiiharibu."

Meneja aliitazama slaidi ukutani: ASILIMIA TISA, na chini yake mshale unaopanda. Nafasi ile pale, mita mbili mbele yake. Akaikumbuka ile pini ya tatu ambayo haikuwepo.

"Programu yetu ilikaribia kuwafungia baba na mama yangu kazi," akasema. "Nguo kumi na nane hazikuingia mwilini."

Tai alinyoosha tai yake. Mkurugenzi akacheka haraka. "Anamaanisha changamoto ndogo za watumiaji..."

"Namaanisha wateja wanadanganya, na sisi tumejenga kitu kinachoamini. Naomba kuwaonyesha. Mkurugenzi, tafadhali simama hapa, tukupime kwa programu yetu wenyewe."

Mbele ya mwekezaji hakuweza kukataa. Kofia akaelekeza simu. "Kiuno, inchi thelathini na nne," ikatangaza programu kwa sauti ya kike.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma. "Baba," akasema kwa upole, "sasa pumua."

"Ninapumua, mama."

"Hujapumua tangu tuingie."

Mwekezaji akavua miwani akaifuta. Mkurugenzi alishikilia sekunde moja, mbili, tano. Mtu ana kiasi chake. Akapumua. Fulana ikajaa. Kofia akapima tena, na ile sauti ya kike, isiyojua adabu, ikasema: "Inchi thelathini na saba."

Mama akaleta mikono mbele, akafungua kiganja. Kulikuwa na uzi mwekundu, na juu yake vifundo viwili vilivyokazwa. "Nilivifunga hapa mlangoni," akasema, "alipokuja kumvuta mwanangu kando."

Mwekezaji alicheka hadi kiti cha gunia kikamtoa chenyewe.

*

Jumatatu ikatoka taarifa kwamba kampuni imebuni *hisabati ya pumzi*, ugunduzi wa Mkurugenzi baada ya utafiti wa kina. Tai aliondoka kwenda kusimamia kiwanda cha mjomba, na tunamwombea siku moja kipatikane. Meneja aliajiriwa. Cheo chake kilikuwa na maneno saba na mshahara wake ulikuwa na shimo. Kazi yenyewe ilikuwa kukaa kwenye kigoda katika chumba cha mbele, kando ya mama yake, na kuuliza kila kifundo kimefungwa kwa nini. Mama naye aliulizwa na Mkurugenzi kama angependa kuchangia maarifa yake kwa ajili ya jamii.

"Napenda sana," alijibu. "Kwa saa, au kwa siku?"

Wakakubaliana kwa saa. Hesabu ya mwezi ilipopigwa, malipo ya mama yalizidi mshahara wa binti yake, na shangazi akalipeleka jambo hilo kila alipoalikwa na alipojialika.

Kabla ya siku ya kuripoti rasmi, Fundi alisema mfanyakazi wa ofisi hawezi kwenda na gauni la mahafali. Akamsimamisha bintiye kwenye zulia la wateja, akamzungushia futi, akakata ukanda mpya, wa mia moja sitini na nne, akautia alama. Meneja alisimama wima. Hakubana tumbo, alishajua siri ya nyumba hiyo, akaliacha lilivyo, akatabasamu kama mwenye mtihani aliouona kabla.

Kwenye kigoda, mama akafunga kifundo chekundu.

"Mama! Sijabana chochote, nimepumua wazi kabisa."

"Nimeona."

"Sasa hicho cha nini?"

Mama akakikaza kwa meno, akautundika ukanda kwenye msumari wake.

"Cha kola. Kichwa kimeshaanza kuvimba, na shingo haichelewi."